Waraka kwa Ndugu Mkandarasi wa Kukata Miti

Kwako Ndugu Mkandarasi,

Natumaini kwamba vijana wako walioko juu ya miti asubuhi hii watashuka jioni kwa nguvu zao wenyewe. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linafanyika hadharani: katika viwanja vya nyumba zetu hapa Dar es Salaam, kando ya barabara, majirani wakiwa wamesimama kutazama. Mimi ni mpandaji miti kwa kazi, kama hao uliowaajiri. Sina ugomvi na wewe wala sikutafutii aibu, ndiyo maana jina lako silitaji. Ninachokuomba ni kamba moja zaidi.

Nianze kwa kukupa haki yako. Kazi yako ya kushusha magogo ni safi. Kapi hufungwa vizuri shinani, kamba nene huzungushwa chini ili kupunguza kasi, na wasaidizi huilegeza taratibu mpaka gogo litue bila kuvunja kigae. Huo ni ufundi, na wenye nyumba hawakosei wanapokusifu. Kipande cha mkaratusi mbichi chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1 kina uzito unaokaribia kilo 280, na wewe unakipitisha kati ya paa na ukuta kwa utulivu kabisa.

Sasa niruhusu niulize kwa heshima: huyo aliyekikata kipande hicho amefungwa na nini? Kila anayetazama kutoka barabarani anaona jibu. Aliye juu ana kamba fupi moja inayozunguka shina na kurudi kiunoni, na vyuma viwili vyenye ncha miguuni. Gogo lina kamba ya kulifikisha chini, mtu hana. Anayeona ulivyovigawa vifaa vyako atadhani kigae kina thamani kuliko uti wa mgongo wa kijana. Sidhani kwamba ndivyo unavyoamini, na kwa hiyo nakuomba usiendelee kufanya kazi kana kwamba unaamini hivyo.

Wewe ni mzoefu, lakini wapo watakaosoma waraka huu ambao hawajawahi kupanda mti, na hao ndio wateja wako. Kwa ajili yao nieleze. Mti ukiwa bado na matawi, mpandaji hupitisha kamba ndefu juu ya panda imara iliyo juu ya kichwa chake. Kamba hiyo humbeba. Akiteleza inamdaka, na akitaka kushuka anashuka. Lakini mti unaobomolewa kipande kwa kipande, kwa sababu hauna pa kuangukia, hufika mahali matawi yakaisha na kilele kikaondoka. Hapo panda hakuna tena, juu ya kichwa chake pana anga tu, na yeye amesimama kwenye shina tupu akilikata hilo hilo linalomshikilia. Ndiyo saa ya hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii. Nayo ndiyo saa ambayo vijana wako huivua kamba ndefu, wakaiacha ining'inie au wakaitupa chini, kwa kuwa wanaona haina tena pa kufungwa.

Pa kufungwa papo. Kabla ya kueleza ni wapi, tutazame yanayompata mtu mwenye kamba fupi peke yake.

La kwanza ni msumeno. Mnyororo wake ukiwa kwenye kasi kamili hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde, na kamba iliyokazwa na uzito wa mtu ikiguswa tu hukatika. Kuna kamba fupi zenye waya wa chuma ndani. Ni nzuri, na nakushauri uzinunue, lakini waya ule ni kinga ya msumeno wa mkono zaidi kuliko ya mnyororo unaokimbia. Mtu anayeanguka kutoka mita 15 hufika chini kabla sekunde 2 hazijatimia, kwa kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa. Hapo kofia ngumu haimwokoi.

La pili ni vyuma vya miguuni. Mkaratusi huambua magome, na chuma kilichoshika gome lililolegea hakijashika mti. Miguu ikichomoka, mwili hulalia shina na kamba fupi hulegea, kwa kuwa ni kitanzi kilichozunguka tu, hakikukaba. Kijana huteleza akikwangua kifua na uso mpaka kitanzi kinase mahali, kama kitanasa.

La tatu ni shina kupasuka. Ukikata kilele kilichoinama bila kufungua mdomo wa kutosha upande kinakoangukia, shina linaweza kupasuka kwa wima kabla mkato wa nyuma haujakamilika. Likipasuka linapanuka, na kamba fupi iliyolizunguka humbana mpandaji kwenye mti kwa nguvu asiyoweza kushindana nayo. Hata kama hakuna kilichopasuka, kilele kinapoondoka au gogo linapodakwa na kapi lililo chini yake, mshtuko unaopita shinani huwa mara kadhaa ya uzito wa gogo lenyewe, na shina zima huyumba.

La nne unalijua kuliko wenzetu wa nchi za baridi: nyuki. Miti yetu mikubwa ina mapango, na msumeno ukilifikia pango lenye nyuki mpandaji ana sekunde, hana dakika. Mwenye kamba fupi na vyuma vya miguuni hushuka hatua moja moja, akiishusha kamba kwa mikono miwili kila hatua. Hawezi kufanya hivyo akiwa na nyuki usoni. Hawezi pia akiwa amejikata mkono, au amezidiwa na jua la saa saba akaona kiza. Kamba fupi ni ya kumshikilia mtu mahali pake afanye kazi. Haikutengenezwa imfikishe chini.

Basi kanuni ninayokuomba uifuate ni hii: juu ya shina tupu, mpandaji awe na viungo viwili vya kumuunganisha na mti, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha kumfikisha chini mara moja, peke yake, bila kusubiri msaada.

Namna ya kuifuata si siri. Kamba ndefu ya kupandia huzungushwa kwenye shina, usawa wa kifua au kiuno cha mpandaji, chini ya mahali atakapokata. Kwenye kamba hufungwa kitanzi kisichoteleza, kisha upande mrefu wa kamba hupitishwa ndani ya kitanzi hicho na kuvutwa. Mtu anapouegemea, kamba hujikaza na kulikaba shina, na kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo inavyokaba zaidi. Shina huongezeka unene kuelekea chini, kwa hiyo mkabo huo hauna njia rahisi ya kuteleza kushuka. Kwa usalama zaidi, wakati wa kukata matawi, vibaki vifupi viachwe shinani hapa na pale, kamba iweze kukaa juu yake.

Wapo wanaofunga mkabo huo kwa karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango. Ifanywe kwa uangalifu, kwa kuwa karabina ikilazwa juu ya mviringo wa shina hubanwa ubavuni, na ubavuni ndiko iliko dhaifu. Karabina hubeba ikivutwa kwa urefu wake, mlango ukiwa umefungwa na kujifunga wenyewe. Kitanzi cha kamba hakina udhaifu huo, ndiyo maana mimi ndicho ninachokipendelea.

Upande wa kamba unaobeba mtu hufika chini kabisa ya mti, na mwisho wake hufungwa fundo nene ili asije akashuka akapitiliza. Ncha ya pili nayo ifike chini, ili akishatua aivute na kuilegeza kamba bila kupanda tena. Kwa hesabu hiyo shina la mita 20 linataka kamba ya mita 40 na ziada ya mafundo. Ukimpa kijana kamba ya mita 25 kwa shina hilo, mkabo wake utabaki juu, au, vibaya zaidi, kamba itamwishia angani.

Kwenye hanesi yake, yaani mikanda anayovaa mwilini, mpandaji huungana na kamba hiyo kwa kifaa cha kushukia kilichotengenezwa kwa kamba moja, au kwa fundo la msuguano. Fundo hilo limejulikana siku nyingi: lile la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alilieleza mwaka 1931, na mengine mengi yamezaliwa baada yake. Huteleza kwa mkono na kuuma kwa uzito. Lakini kamba moja hubeba uzito wote wa mtu, tofauti na kamba iliyopitishwa mara mbili juu ya panda. Fundo la msuguano likiachwa peke yake kwenye kamba moja huuma kupita kiasi, na likilazimishwa kuteleza huungua. Liwekewe chini yake chuma cha nane cha kupunguza kasi, ligawane nacho kazi. Na kabla kijana hajapanda, ajining'inize kwa uzito wake wote akiwa usawa wa mita 1 kutoka ardhini, ashuke, ndipo apande. Jaribio hilo huchukua dakika chache.

Kisha kuna mpangilio. Kamba fupi na mkabo wa kamba ndefu visikae pamoja shinani. Viachane, ili kuteleza kumoja kwa msumeno kusikate vyote viwili. Upande mrefu wa kamba ushuke upande usioangukia magogo, na msaidizi mmoja wa chini awe na kazi ya kuuangalia tu, kwa kuwa gogo likitua juu ya kamba au kujiviringisha nayo litamvuta aliye juu. Kamba ya mtu na kamba ya gogo zisichanganywe kamwe, wala mtu asifungwe kwenye kapi linalobeba gogo. Kila kipande kinapoondoka, mkabo ushushwe kwanza, kamba fupi ifuate, na msumeno uwashwe baada ya vyote viwili kukaguliwa kwa macho na kwa mkono. Aliye chini aulize, aliye juu ajibu, ndipo mashine ilie.

Kuhusu kamba yenyewe, naomba uniwie radhi kwa kusema wazi. Zile kamba za manila za rangi unazonunua duka la vifaa vya ujenzi ni za kufungia mizigo. Plastiki yake huanza kuyeyuka karibu nyuzi joto 160, na fundo linaloteleza kwa kasi chini ya uzito wa mtu hutoa joto kubwa mahali padogo. Jua letu nalo huila mwaka mzima kabla msuguano haujaigusa. Katani ni fahari ya Tanga, lakini ikinyeshewa na kuanikwa mara kwa mara huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba ya kubebea mtu hutengenezwa kwa kazi hiyo na huandikwa nguvu yake. Kiwango cha Marekani, kwa mfano, kwa kawaida kinataka kamba ya kupandia iwe na unene usiopungua milimita 12.7 na ikiwa mpya ihimili si chini ya kilonyutoni 24, yaani uzito unaokaribia tani 2.4. Mtu hana uzito huo. Ziada ile inahitajika kwa sababu fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa karibu theluthi, na mshtuko, uchakavu na vumbi la mbao huchukua sehemu yake.

Najua majibu yako, kwa kuwa nimeyasikia kwa wenzako wengi.

Unasema kamba ya pili inachelewesha kazi. Inachelewesha kweli, dakika chache kwa kila kipande. Lakini kijana mwenye kamba ya kushukia hukata akiwa ametulia, na anapohitaji kushuka kunywa maji au kubadilisha msumeno hushuka kwa nusu dakika badala ya kuteremka hatua kwa hatua. Na ukilinganisha dakika hizo na siku kazi itakayosimama kwa sababu ya maiti kiwanjani, hesabu utaimaliza mwenyewe.

Unasema wakwezi wa minazi wamepanda maisha yao yote bila kamba. Nawaheshimu wakwezi, na wengi wetu tumejifunza kwao namna ya kuuamini mguu. Lakini mkwezi hupanda na panga kuangua nazi, akashuka. Hapandi na mashine inayozunguka umbali wa mkono mmoja kutoka tumboni mwake, wala hakati mnazi aliousimamia. Isitoshe, wakwezi nao huanguka, na vijiji vya pwani vina wazee waliolala kitandani miaka kwa sababu hiyo. Usiutumie ujasiri wao kuwanyima wengine kinga.

Unasema vijana wenyewe hawataki. Hapo ninakuomba ujitazame vizuri. Kijana uliyemchukua kijiweni asubuhi, ambaye akikataa kuna wenzake watano nyuma yake, hana nafasi ya kutaka au kutotaka. Anayeamua ni wewe unayelipa. Ukisema leo kwamba asiye na viungo viwili hapandi na halipwi, kesho wote watakuwa navyo.

Na siku mambo yakiharibika, unasema ajali haina kinga. Msemo huu hutufariji msibani, na mtu aliyefiwa ana haki ya kuusema. Wewe huna haki hiyo mpaka kamba ya pili iwe imefungwa. Yapo yasiyozuilika. Mtu kuanguka kutoka kwenye shina tupu kwa sababu kamba yake moja imekatwa na msumeno wake mwenyewe si mojawapo.

Haya ninayokuomba hayakutungwa na mimi. Mwaka 1968 mama mmoja wa jimbo la New York, Ethel Hugg, ambaye mwanawe Guy alikufa katika ajali ya kazi ya miti, alianza kuwaandikia maofisa wa mji, wa jimbo na wa taifa akidai kanuni za kuwalinda wafanyakazi hao. Mwaka 1972 Marekani ikapata kiwango chake cha kwanza cha usalama wa kazi za miti, kinachoitwa ANSI Z133. Leo kiwango hicho kinamtaka anayetumia msumeno wa mnyororo akiwa mtini awe na kiungo cha pili, isipokuwa pale mwajiri anapothibitisha kwamba cha pili kingeongeza hatari. Uingereza nayo, katika kanuni zake za kazi za juu za mwaka 2005, inataka kazi ya kamba iwe na kamba mbili zenye mashikio tofauti, kwa sharti linalofanana na hilo.

Hapa kwetu hatukosi sheria. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wa kuisimamia, OSHA. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake. Kiwanja cha mteja wako ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Lakini sheria humfikia mtu aliyeandikwa. Kijana ambaye jina lake halimo katika daftari lolote, aliyelipwa mkononi na kuitwa kwa jina la utani, siku akianguka mjane wake ataanzia wapi kudai? Naomba ulijibu swali hilo kabla hujapanga bei ya mti unaofuata.

Nimebakiza neno moja kwa wateja. Ndugu mwenye nyumba, unapopokea bei tatu na kuchagua ya chini kabisa, uliza tofauti imetoka wapi. Mara nyingi imetoka kwenye kamba ambayo haikununuliwa. Huna haja ya kuwa fundi ili uulize mambo mawili: mpandaji akiwa kwenye shina tupu atakuwa na viungo vingapi, na akizimia huko juu nani atapanda kumshusha? Mtu aliyening'inia kwenye hanesi bila kujimudu anaweza kufa baada ya muda mfupi tu, hata kama hakuumia kwingine. Kwa hiyo chini ya mti lazima awepo mpandaji wa pili, mwenye vifaa vyake tayari mwilini, na si msaidizi wa kuita watu kwa sauti. Namba ya Zimamoto ni 114, ipigwe mara moja, lakini mwokozi wa kwanza awe pale pale.

Kwako Ndugu Mkandarasi, ombi langu ni fupi. Nunua kamba za kupandia zenye urefu unaotosha. Andika majina ya vijana wako. Wafundishe mkabo wa shina na kushuka mpaka waweze kuufunga macho yakiwa yamefumbwa. Weka mpandaji wa pili chini. Na tangu kesho, kijana akifika kwenye shina tupu na huna kamba ya pili ya kumfunga, mwambie ashuke, kazi isimame. Mteja atanung'unika, gogo litalala juu usiku mmoja, na hakuna atakayezikwa. Ukishindwa kufanya hivyo, basi acha kazi ya kubomoa miti na uwaachie wanaoweza, kwa kuwa anayempandisha mtu bila njia ya kumshusha hajaimudu kazi hii, hata kama havunji kigae.

Wako katika kazi,
Mpandaji miti
Dar es Salaam